Nimevuka Mstari wa Majivu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, ila nikianza bila kukuamkia nitajiona sina adabu, na wewe ungenirudisha mlangoni nianze upya. Nimekaa barazani kwako, kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi. Nimeuwekea kipande cha kigae, sasa hakiyumbi sana. Tangu asubuhi wamekuja watu wanne. Wa kwanza mtaro wa jirani umeziba na maji machafu yanamwingilia jikoni. Wa pili alitaka barua ya utambulisho, nikamwambia barua inaandikwa na mtendaji wa mtaa, mimi ni mjumbe tu wa kamati, akanijibu, "Lakini wewe ndiye mtoto wa mzee." Wa tatu na wa nne walikuwa wanagombania mbuzi. Nimechoka, baba. Sijui kazi hii ulikuwa unaiwezaje, tena ukicheka.

Walinichagua mimi baada ya matanga. Hata sikuomba. Mwenyekiti alisimama akasema kiti cha mzee hakiwezi kubaki wazi na Kabula yupo, watu wakapiga makofi, na mimi nilikuwa nimeshika sufuria la chai.

Habari ziko nyingi. Bomba la maji limefika hadi nyumba za juu kwenye mawe, ingawa maji yenyewe huja siku yanayotaka. Taa za barabarani zimewekwa, mbili tayari zimekufa. Na daraja la Busisi limekwisha, baba. Watu wanapita. Wewe uliapa hufi mpaka ulivuke ukiwa umekaa kiti cha mbele. Sasa shangazi akitoka Sengerema hapangi foleni ya kivuko tena, anapita juu ya maji, Usagara hii hapa, mara yuko mlangoni kwangu na kuku wake. Siku ya kwanza alipolivuka alifunga macho. Alisema alikuwa anakuombea, lakini mimi naona aliogopa.

Hayo ni mazuri. Sasa nikwambie lile lililonifanya nichukue kalamu, maana nimelizunguka wiki nzima na halipungui uzito.

Uwanja wa ngoma umekwenda. Na aliyeutoa ni mimi.

Usikasirike kwanza. Au kasirika, una haki, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka walivyoutaka watu uwanja ule. Kwanza walitaka kuegesha malori, ukakataa. Wakaja na mpango wa vibanda vya biashara, ukakataa, tena siku ile ulikwenda halmashauri umevaa njuga miguuni, ukapita koridoni ukilia chwa chwa chwa mpaka makarani wakatoka ofisini kutazama. Kisha wakaja na zahanati. Hapo mimi nilisita kidogo, wewe hukusita. Ulisema, "Zahanati inaweza kujengwa kokote. Uwanja wa ngoma ni mmoja." Ukaniita niandike barua ya pingamizi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Niliiandika kwenye meza hii hii, baba. Kila neno. Mpango ukawekwa kando, ukanichinjia jogoo, nami nikala nikafurahi.

Haikupita mwaka, ukashikwa na kifua.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata shangazi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Tulikupakia kwenye bajaji tukupeleke hospitali, kichwa chako kwenye mapaja yangu. Barabara ya chini ilikuwa imefukuliwa kwa ajili ya mitaro, malori yamekaa katikati, dereva anapiga honi hakuna anayesogea. Ukafumbua macho ukaniuliza, "Bado mbali?" Tulikuwa hata sokoni hatujafika. Nikakwambia, "Tumefika, baba." Ukatingisha kichwa, ukatulia. Nilidhani umepumzika. Yule dereva ndiye aliyegeuka akanitazama, akazima bajaji.

Kwa hiyo neno la mwisho nililokwambia ni uongo. Ndiyo maana nachelewa kulala, na asubuhi naamka nimechoka.

Basi mwaka huu mpango wa zahanati umerudi. Diwani alikuja mwenyewe akasema eneo jingine la wazi mtaani halipo, yote yameshauzwa, na kama tukikataa tena fedha zitapelekwa kata nyingine. Ukaitishwa mkutano wa wakazi wote, pale pale uwanjani. Wana ngoma wenzako wa Bagika walikuja kwangu usiku wa kuamkia mkutano, wakanikumbusha ile barua. Nakala waliihifadhi. Waliniwekea mezani mwandiko wangu mwenyewe. Nikawaambia, "Nitasimama alipokuwa anasimama baba." Niliahidi hivyo, wala sikulazimishwa.

Sasa sikia kilichotokea, utacheka kabla hujalia.

Mtendaji wetu mpya ni kijana wa Kihaya kutoka Bukoba, msomi, mpole, viatu vyake vinang'aa hata wakati wa vumbi. Alipoona watu wengi na mabishano yanaanza akasema tusipoteze muda. "Wanaoikubali zahanati wasimame upande wa ziwa. Wasioikubali wasimame upande wa mawe. Tuhesabu, tumalize, twende nyumbani."

Baba! Upande wa ziwa na upande wa mawe! Kwenye uwanja ule!

Masikini, hakujua. Baadaye nilimweleza taratibu, nikichora chini kwa kijiti. Kwamba sisi Wasukuma tuna vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, na kila kiangazi baada ya mavuno vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hapa kwetu Bagalu ni upande wa ziwa, Bagika upande wa mawe. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watu wanakwenda ngoma inakowavuta, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Nikamwambia mtu wa mtaa huu anazaliwa na upande wake, anaozwa nao, na hata wageni tumewapa pande. Alishika kichwa akasema, "Mungu wangu, dada Kabula, kwa nini hamkuniambia?" Nani alikumbuka kumwambia? Hata sisi tulikuwa hatujajua kwamba miguu yetu imeshazoea kiasi kile.

Maana watu hawakwenda kwenye zahanati wala kwenye uwanja. Walikwenda kwenye ngoma zao. Wazee walianza, kila mmoja akaenda anakosimama miaka yote, na waliobaki wakafuata. Fundi simu Mjita akaenda upande wa ziwa kwa sababu mwenye nyumba wake ni Mgalu. Mama wa Kihaya muuza ndizi akaja kwetu upande wa mawe, kwa sababu ndiko anakopanga meza yake siku za ngoma. Walisimama wakiangaliana kule na huku, wengine wameshaanza kuzomeana. Mtu mmoja akapiga mluzi. Mimi pia nilikuwa upande wa mawe, baba. Sikumbuki nilivyofika.

Na sisi ndio tulikuwa wengi. Umeuacha mtaa umejaa Bagika, uliwatafuta mmoja mmoja maisha yako yote. Mtendaji akaanza kuhesabu, na niliona kabisa kwamba uwanja umepona. Ulikuwa unashinda, baba, na umeshazikwa.

Kisha nikamwona Pendo. Yule mke wa fundi seremala, mimba yake ya kwanza alijifungulia kwenye bajaji pale pale barabara ya chini. Ana nyingine sasa, imeshakuwa kubwa. Kila wiki huja kuniuliza, "Dada Kabula, zahanati vipi?" Na alikuwa amesimama pembeni yangu, upande wa wasioitaka, ameshika kiuno. Nikamnong'oneza, "Pendo, huku ni kwa wanaokataa zahanati." Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi ni wa huku, dada. Baba mkwe ni Mgika."

Ningeweza kunyamaza. Ndilo jambo ninalotaka ulijue. Kunyamaza kulikuwa rahisi, nilikuwa nimeahidi, barua ilikuwa ya mkono wangu, na mtendaji alikuwa amebakiza watu wachache tu amalize kuhesabu. Nilikuwa naangalia tumbo la Pendo na kuisikia sauti yako ikiniuliza kama bado ni mbali.

Nikavuka.

Mstari wako wa majivu, ule unaotenga Bagika na Bagalu siku za ngoma, haukuwepo, si msimu wake, lakini niliujua ulipo kama ninavyojua kizingiti cha nyumba. Wewe hujawahi kuuvuka hata siku moja. Ile siku upepo wa ziwa ulipokupokonya kofia ukaitupa kwa Bagalu, ulikataa kwenda kuichukua. Ulicheza kichwa wazi juani mpaka jioni, na Mzee Masanja, manju wa Bagalu kama wewe ulivyokuwa manju wetu, akaichukua akaivaa. Ameivaa miaka yote hii ili akuudhi, nawe ulikuwa ukimwona kanisani na kofia yako mkononi unageuza uso hata wakati wa kutakiana amani.

Basi nilipofika upande wa pili, aliyekuwa mbele yangu ni yeye. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema kwa sauti, "Karibu Kabula. Umefuata kofia?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikaangua kilio. Nililia pale mbele ya mtendaji, mbele ya diwani, kilio ambacho sikulia siku ya mazishi kwa sababu siku ile nilikuwa nahesabu sahani. Nilipoweza kusema nikasema, "Jamani, hapa hatuchezi ngoma. Tunaulizwa zahanati. Anayeitaka aje huku hata kama ni Mgika, mimi ni Mgika nami nimekuja. Na asiyeitaka aende kule hata kama ni Mgalu." Sikutaja bajaji. Sikukutaja wewe.

Kwanza hakuna aliyesogea. Kisha Pendo akaja, polepole, na tumbo lake. Kisha mama wa ndizi. Kisha wakaja wengi mno, baba, wakaja hadi vijana wako wa bugobogobo, wale uliowafundisha kurusha jembe na kulidaka. Walikuwa wanapita bila kunitazama usoni.

Na mtu mmoja alitoka upande wa ziwa akaenda upande wa mawe. Mzee Masanja. Tulibaki tunamwangalia anavyojikongoja na fimbo yake. Alipofika mbele yangu alisimama, akavua kofia, akaniwekea mikononi. Akasema, "Shika. Mimi nautaka uwanja, mwanangu. Nikikutana na baba yako huko nitamwambia niliuachaje?" Akaenda akasimama ulipokuwa unasimama wewe.

Hakuwa peke yake, walikuwepo wazee wengine sita saba, na shangazi. Mtendaji alimwambia kwa heshima kwamba wageni kutoka Sengerema hawahesabiwi. Shangazi akamjibu yeye hahesabiwi, anasimama.

Kwa hiyo ujue hilo. Mtoto wako alikuhama, na adui yako ndiye aliyekulindia uwanja. Ukitaka kucheka huko uliko, cheka, mimi bado sijaweza.

Shangazi aliondoka jioni ile ile bila kula. Mlangoni aliniambia, "Umemuuza kaka yangu kwa dirisha la dawa." Kuku wake aliondoka naye. Wana ngoma walikaa mwezi mzima hawaniamkii. Nilikuwa napita dukani wanaongea, nikifika wanazungumzia mvua. Na mimi sikuwa na nguvu za kugombana na mtu. Nilikuwa narudi nyumbani, napika, nasahau kula. Kuwa na haki kunachosha vilevile, baba, kama kweli nilikuwa nayo. Kuna siku naamini nilikuwa nayo. Kuna siku naishika ile nakala ya barua na kuisoma, na kila hoja uliyonitamkia naiona ni ya kweli.

Lakini ngoma ya mwisho ilichezwa. Halmashauri ilikubali kusubiri mavuno yapite kabla ya kuanza kuchimba msingi, mtendaji mwenyewe ndiye aliyekwenda kuwaomba. Tumecheza Jumapili iliyopita. Nilifikiri hawatakuja, wakaja mpaka watu wa Kisesa, wakajaa hadi juu ya mawe. Majivu niliyachukua jikoni kwako nikachora mstari mimi mwenyewe. Mstari ukaenda kombo kama njia ya ng'ombe. Mzee Masanja akaniambia hata baba yako alikuwa anachora kombo, alikuwa anatuibia hatua mbili kila mwaka.

Bagika hawakuwa na manju. Ilipofika zamu ya kuimba walitazamana kwa aibu. Kisha mmoja wa vijana wako, aliyenipita bila kunitazama siku ile, akauanza ule wimbo wako wa mwenye ng'ombe aliyehesabu mkia wake. Aliuanza vibaya, juu sana. Wakamdaka. Majembe yakaruka, vumbi likapanda, na mimi nilisimama upande wa mawe na kofia yako kichwani, na hakuna aliyenifukuza.

Baada ya ngoma nilifanya ulivyokuwa unafanya. Nilitembea uwanjani nikiangalia chini, nisome miguu imekanyaga wapi zaidi. Sikuweza kusoma chochote. Nikamwuliza Mzee Masanja nani ameshinda. Akasema, "Baba yako alikuwa hasomi kitu pale. Kila mwaka alikuwa anaangalia vumbi, halafu anasema ameshinda yeye." Halafu akafuta macho kwa kiganja, akalaumu vumbi.

Kuna jambo jingine, na hili paroko asilijue. Kile ulichokifukia kwenye kona ya uwanja ili kivute watu, wewe mwanakwaya, nilikuwa nakijua tangu nikiwa darasa la tatu. Niliogopa mashine zisije zikakichimbua mbele za watu. Jumatatu alfajiri nilikwenda na jembe, nikainua lile jiwe bapa, nikakikuta kimefungwa kwa kitambaa cha kanga ya marehemu mama. Sijakifungua. Halmashauri imetupa kipande nyuma ya shule kwa ajili ya ngoma. Ni kidogo na kina mteremko, ngoma ikianguka itafika barabarani, lakini ndicho kilichopo. Kile kifurushi nimekifukia kule, upande wa kushoto, na nimeweka jiwe juu yake. Kama ni dawa itajua njia.

Jana nimempigia shangazi. Alipokea, hilo tayari ni jambo. Aliniuliza kama ni kweli Masanja amerudisha kofia. Nikamwambia ni kweli. Akasema atakuja mwisho wa mwezi, na hakusema kama atakuja na kuku.

Mashine zimefika leo. Kutoka hapa nilipokaa naziona, zimeegeshwa ulipokuwa ukiweka ngoma kubwa. Sijui kama jengo litakwisha. Mimi na wewe tumeona misingi mingapi ikiota nyasi? Ila nakuahidi, sitawapa usingizi. Nitakwenda halmashauri kila itakapobidi, hata kwa njuga zako miguuni, mpaka paa liwe juu, muuguzi awe ndani na dawa ziwe kabatini. Na kila kiangazi nitachora mstari kule nyuma ya shule, nikiwa hai na jikoni kukiwa na majivu.

Nilale sasa mchana huu kidogo kabla hawajagonga tena. Pumzika, baba. Usigombane na Mzee Masanja atakapofika, amezeeka sana, mpe kiti.

Kabla sijaanza barua hii nilitoka mlangoni kwako nikatembea hadi kwenye vigingi vya msingi, mwendo wako, ule wa kifua kikibana. Nilikuwa nahesabu. Ni hatua mia moja na arobaini na mbili. Uliniuliza kama bado mbali, nami nikakudanganya. Si mbali tena, baba.

Mtoto wako,
Kabula